Kutoka Meru Hadi Matumbawe: Sehemu Kumi za Kuchungulia Chini ya Maji

Arusha ikishaingia Julai, Meru hujifunika mawingu, masweta hutoka kabatini, na kuanzia Sakina hadi Usa River swali ni moja: mwisho wa mwaka tunaenda wapi? Jibu langu ni baharini, na si kwa kukaa ufukweni na dafu mkononi. Vaa miwani ya maji, uma mrija wa kupumulia, vaa mapezi miguuni, kisha lala kifudifudi juu ya bahari utazame watu wa chini wanavyoishi.

Wamarekani hupanda ndege kwenda Karibea kufanya hivyo. Chalii wa Chuga ana Bahari ya Hindi mwendo wa basi la siku moja. Hapa chini nahesabu kushuka, kumi hadi moja. Nimepima mambo matatu: maji yenyewe, samaki waliomo, na nani anawalinda. Usirukie namba moja, maana safari ya kwenda huko inaanzia namba tisa.

10. Duluti na Momella: tazama, usizame

Tuanzie nyumbani. Ziwa Duluti pale Tengeru limejaa ndani ya kreta ya volkano, msitu umelizunguka, na asubuhi unaweza kupiga kasia huku kenge wakiota jua ukingoni. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, yana flamingo na viboko. Lakini miwani ibaki kwenye begi. Maji ya Momella ni ya magadi, yanawafaa flamingo kuliko macho yako, na kiboko hapendi mgeni anayemchungulia chumbani.

9. Chemka: darasa la kwanza

Ukifika Boma Ng'ombe, shika njia ya vumbi inayoshuka kusini, katikati ya nyika kavu, hadi uone mikuyu mikubwa imekusanyika mahali pamoja. Chini yake ndiko ziliko chemchemi za Kikuletwa, ndizo hizo Chemka. Maji ni ya vuguvugu na ni maangavu kiasi kwamba unaiona mizizi ya mikuyu ilivyojisokota huko chini. Keti ukingoni, tumbukiza miguu, utulie. Visamaki vidogo vitakuja kimoja kimoja kudonoa ngozi iliyokufa kwenye visigino. Fundi wa kucha mjini anadai hela. Hawa wanafanya kazi kwa chakula.

Hapa ndipo pa kujifunzia. Temea mate kwenye kioo cha miwani, sugua, suuza, na ukungu hautakusumbua. Uma mrija bila kuukaza meno, pumua kwa mdomo polepole. Kama hujui kuogelea, vaa jaketi la kuokolea na ubaki penye kina kifupi; jaketi halimwaibishi mtu, kinachoaibisha ni kuokolewa na mtoto wa darasa la nne.

Jambo moja la kushika: maji haya hayaishii hapa. Yanaungana na yale yanayoshuka kutoka Meru, yanaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanaendelea. Tutakutana nayo tena.

8. Mbudya na Bongoyo: usirudi na picha za ukumbini tu

Umeshuka Dar kwa harusi ya binamu? Ongeza siku moja. Boti za Mbudya zinatoka Kunduchi, za Bongoyo zinatoka upande wa Msasani. Vyote viwili ni visiwa vya hifadhi ya bahari, na ukitoka majini kuna samaki wa kukaanga na chipsi kivulini.

Miamba ya hapa imeteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja unasaga kwa sekunde tumbawe lililochukua miongo kukua, na kuna sehemu bado utaona vifusi chini. Lakini tazama vizuri: juu ya vifusi hivyo, matumbawe machanga yanaanza kushika. Baruti haijawahi kumvua samaki wa kesho, na huyo wa kesho ndiye tunayemhitaji.

7. Kisite-Mpunguti, Kenya: jirani naye apewe haki yake

Pita Tanga, vuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, nenda hadi Shimoni, kisha panda boti kuelekea Kisite, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Wakenya walianza mapema: hifadhi zao za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Matunda yanaonekana. Samaki wa Kisite hawakimbii kivuli cha mtu, kwa sababu vizazi kwa vizazi kivuli hicho hakijawaletea nyavu. Mchana shuka Wasini ule kaa. Utani wetu na Wakenya ufike mwisho mezani hapo, maana anayebishana hali, na kaa wanakwisha.

6. Misali, Pemba: hifadhi yenye dua

Misali iko magharibi mwa Pemba, na wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwahi kuswali pale. Kisiwa kilipowekwa chini ya hifadhi miaka ya 1990, masheikh waliingia kazini pamoja na wataalamu wa bahari, wakawafundisha wavuvi kwamba kulinda viumbe ni amana ambayo mja ataulizwa. Faini humtisha mtu akionwa. Amana humfuata hata usiku peke yake ndani ya ngalawa. Chini ya maji, ukuta wa matumbawe unaporomoka kuelekea kwenye buluu nzito. Kwa adabu ya wenyeji, kanga au shuka iwe karibu pindi utokapo majini.

5. Ziwa Tanganyika, Kigoma: bahari isiyo na chumvi

Macho yanawasha ukikutana na chumvi? Panda kwenda Kigoma. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na penye mawe karibu na ufukwe maji huwa maangavu kabisa. Lina samaki wadogo wa rangi wa jamii ya sikilidi, zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wapo wanaoishi ndani ya kombe tupu la konokono. Nyumba ya chumba kimoja, haina kodi. Wapo mama wanaoatamia mayai mdomoni na kuwaficha watoto humohumo hatari ikija. Mzazi anayelalamika kwamba malezi yamemjaa mdomoni aende akamsalimie mwenzake.

4. Mnemba, Unguja: kila mtu yupo

Huu ndio mwamba maarufu kuliko yote nchini, kaskazini-mashariki mwa Unguja, mkabala na Matemwe. Serikali ya Zanzibar ililitangaza eneo hili kuwa la hifadhi mwaka 2002. Kisiwa chenyewe ni cha wageni wa hoteli iliyopo pale. Wewe na mimi tunabaki majini, na majini ndiko kwenye mambo. Makundi ya samaki wenye mistari yatakuzunguka kama abiria wa stendi waliomwona kondakta.

Tatizo ni msongamano wa boti. Nenda alfajiri, kabla wa Nungwi na Kendwa hawajamaliza chai. Na pomboo wakionekana, mwambie nahodha kwa heshima: "Kapteni, tafadhali usiwafukuze, zima injini tungoje." Pomboo akitaka kukuona atakuja mwenyewe. Asipotaka, hamtampata hata mkiwa boti kumi, na mtakuwa mmemnyima usingizi bure.

3. Mafia: mkutane na papa potwe

Sasa tunapanda daraja. Mafia ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania Bara, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ghuba ya Chole ina matumbawe ya kukufanya usahau kula. Unafika kwa ndege ndogo kutoka Dar, au kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni.

Mwenye kisiwa hasa ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kati ya Oktoba na Februari huja karibu na Kilindoni kutafuta dagaa na vijidudu vya majini, akiwa ameacha mdomo wazi mpana kuliko mlango wa daladala. Hana habari na nyama yako. Mgongo wake una madoa meupe, na mpangilio wa madoa hayo haufanani kwa papa wawili, kwa hiyo watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha. Walipowafungia vifaa vya kuwafuatilia, waligundua kwamba wengi wao hawahamii mbali. Hukaa jirani na Mafia mwaka mzima. Huyu si mgeni wetu basi, ni mkazi. Mpishe njia, usimguse, usimwogelee mbele ya uso. Mkazi wa tani kadhaa hasukumwi kwenye foleni.

2. Chumbe: mwamba ulioachwa ukae

Kusini-magharibi mwa mji wa Unguja kuna kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Kwa muda mrefu wavuvi hawakuruhusiwa kuvua upande wake wa magharibi, kwa hiyo mwamba ulibaki salama. Sibylle Riedmiller, mwanamazingira kutoka Ujerumani, alipigania ulindwe rasmi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi isiyovuliwa kabisa. Waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi na waongozaji, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa.

Elea bila kupiga miguu, masikio ndani ya maji, usikilize. Utasikia mlio wa kitu kigumu kinachotafunwa. Ni pono, yule tunayemsingizia usingizi. Mchana huyu halali hata kidogo: anakwangua mwamba kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, anakula mwani uliokua juu yake, kisha anatoa nyuma wingu jeupe la mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaopigia picha pwani imepita tumboni mwa pono. Mwani ukizidi, matumbawe machanga yanakosa pa kushika. Pono akiwepo, nafasi inapatikana. Ndiyo maana mwamba wenye samaki hupona upesi zaidi baada ya joto la bahari kuupausha, kama lilivyoipausha miamba mingi ya ukanda wetu mwaka 1998 na tena 2016. Anayekula pono wote anakula na mfagizi.

Gharama ya Chumbe ni kubwa, sikufichi. Lakini fedha hiyo ndiyo inayomlipa mlinzi.

1. Maziwe, Pangani: bahari ya mtu wa Meru

Najua mlitarajia Zanzibar ishinde. Tulieni.

Fungu la mchanga katikati ya maji, mwendo wa saa moja hivi kwa boti kutoka Pangani au Ushongo. Maji yakijaa linamezwa. Yakipwa linachomoza jeupe, na matumbawe yamelizunguka. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, moja ya sehemu kuu za kutagia kasa nchini. Mmomonyoko ukakila, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha.

Kasa hawakupata taarifa. Wameendelea kuja kutaga palepale, na maji ya bamvua yangeyaozesha mayai yao. Kwa hiyo walinzi pamoja na watu wa Ushongo hufukua shimo kwa mikono, hutoa mayai moja moja bila kuyageuza, huyapakia kwenye ndoo yenye mchanga na kuyavusha hadi ufukwe wa bara, ambako huyazika upya kwa kina kilekile. Baada ya karibu miezi miwili, vitoto hujikokota kuelekea majini. Hifadhi ya fungu lisilo na mti hata mmoja inategemea ndoo na watu wenye subira.

Sasa yale maji ya namba tisa. Mito ya Naura na Themi inayopita mjini Arusha, na chemchemi za Chemka, vyote vinaingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Mto Pangani hadi baharini, mbele ya Maziwe. Udongo unaoporomoka kwenye shamba lisilo na matuta Arumeru, na chupa iliyotupwa Naura, vinaelekea huko. Tope likizidi, tumbawe linakosa mwanga na kufa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na chupa bado zipo mikononi mwetu. Miamba mingine yote kwenye orodha hii sisi ni watalii wake. Huu sisi ni majirani zake, wa upande wa juu, na jirani wa juu ndiye anayetakiwa kuwa na adabu zaidi.

Jinsi ya kwenda: basi la Tanga linapita Moshi, Same, Mombo na Korogwe, kutoka Tanga au Muheza unashuka Pangani. Chagua Oktoba hadi Februari. Masika mto unaleta tope na kusi inaleta mawimbi. Muulize nahodha siku za bamvua, maana hapo fungu linachomoza vizuri. Vaa fulana ya mikono mirefu, jua la mgongoni halibembelezi. Usikanyage tumbawe, usiokote kiti cha pweza, amekikalia mwenyewe. Lipa kiingilio bila kunung'unika na udai risiti.

Na kabla ya safari, panda mti kwenye ukingo wa mto unaopita kwenu. Kisha wahi stendi: basi la Tanga huondoka alfajiri, na Maziwe hufuata saa za maji, si saa za Arusha.