Hongereni kwa Kuwafufua Waohlone

Kwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley,

Siku hizi hafla zenu hufunguliwa kwa tamko la heshima kwamba chuo kimesimama juu ya ardhi ya Waohlone, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na kwamba Waohlone wangali hai. Habari hii ya pili inafurahisha zaidi, maana ni msomi wenu aliyetangaza kifo chao. Mwaka 1925 Alfred Kroeber, nguli wenu wa anthropolojia, aliandika katika kitabu chake kuhusu wenyeji wa California kwamba watu hao, kwa hali halisi, wametoweka. Mwaka 1927 wazee wa Wamuwekma Ohlone, mojawapo ya jamii zao, wakaachwa nje ya orodha ya makabila yanayotambuliwa na serikali kuu. Sidai kwamba kitabu kimoja kiliwafuta. Nasema tu kwamba karani anayetaka kumfuta aliye hai hufarijika akipata cheti cha kifo kilichotiwa saini na profesa.

Matokeo yake yanaonekana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayapa makabila yanayotambuliwa Washington haki ya kudai mabaki ya wahenga wao; mwaka 2023 ninyi bado mlikuwa na mabaki ya watu wapatao 9,000. Msamaha wa ada kwa wanafunzi wa makabila ya wenyeji, ulioanza mwaka 2022, nao ukadai utambuzi uleule wa serikali kuu. Walioachwa nje walichangiwa dola milioni 2.5 za masomo, si na chuo, bali na wenyeji wenzao wa kabila la Graton Rancheria. Upatanisho wa aina yake: mkosaji asoma tamko, mkosewa alipa ada.

Mtajibu kwamba orodha ni ya serikali, si yenu. Ni kweli, lakini kumbukumbu za lugha, koo na makaburi zimejaa makabatini mwenu. Mtakumbusha kwamba mwaka 2021 mliliondoa jina la Kroeber kwenye jengo. Vyema, ukuta umetubu. Ila Kroeber huyohuyo, uzeeni, miaka ya 1950, alitoa ushahidi kuwatetea wenyeji wa California katika kesi yao ya ardhi. Alijua kwamba neno la msomi lina uzito serikalini. Basi pelekeni wanahistoria wenu Washington wakawatolee ushahidi Wamuwekma, na ada ya vijana wao ilipeni kwa fedha zenu. Mpaka hapo, kila mnaposoma tamko, msisahau kutaja na kiasi cha ada.

Wenu,
Msikilizaji wa matamko