Ukimtaka Nondo, Uliza Kichaka

Taa ya barazani ikiwashwa Diani, nondo wadogo humiminika, na balaa huanza. Anayetaka kuwatambua huinama na simu, na pumzi yake humpeperusha mgeni. Akimshika, mabawa humwachia unga vidoleni, na unga huo ndio uliobeba rangi na michoro yote. Akimwacha atulie ukutani, mjusi kafiri humtambua kwanza, kwa ladha. Hata picha ikipatikana, itaonyesha kidudu cha kahawia; kumtafuta kwa sifa hiyo ni sawa na kuulizia msikitini siku ya Ijumaa mtu aliyevaa kanzu nyeupe. Mkosaji ni taa: humwita nondo atoke kwao, akafika bila anwani. Anayetaka jina lake aanze mchana, kichakani.

Ushahidi umo majanini. Viwavi wa nondo wengi wadogo, ambao baadhi yao wakikua mabawa yaliyotandazwa hayafiki milimita 5, huishi ndani ya jani, wakila nyama yake na kuacha vijia vyeupe. Aina nyingi hula mmea mmoja au jamaa zake tu, na uchimbaji wao hutofautiana: huyu huacha kijia kilichopindapinda, yule doa pana. Basi mzee wa Kidigo anayeujua mkone na mkwamba ameshapunguza orodha kabla ya kumwona nondo mwenyewe. Jani likitiwa kwenye chupa na kufunikwa kitambaa, kiwavi akijaliwa atatoka nondo mzima, na unga wake wote.

Kuna atakayesema nondo hutua popote. Kweli, ila kiwavi hali popote. Ndiye shahidi ninayemwamini. Mwingine atasema kichaka kimoja hulisha aina kadhaa. Kweli pia, na hapo wataalamu hupasua tumbo la nondo wakachungulia viungo vya uzazi kwa hadubini, maana ndivyo vinavyotenganisha wanaofanana. Kumweleza hayo bibi wa Msambweni, kwa heshima, ni kazi ngumu kuliko upasuaji. Wa tatu atanikumbusha kwamba Kaya Kinondo, iliyo miongoni mwa kaya (misitu mitakatifu) zilizoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, hairuhusu kutoa hata jani. Vyema: majani ya kuchuma yatoke vichaka vya kando ya njia, na kaya iendelee kuwalea nondo wake. Asiye na subira na awaite wadudu wa taa. Hawataitika, lakini hata kwa Kilatini hawaitiki.