Utingo wa Colorado

Baba Mdogo, nanyi nyote mnaosomewa barua hii hapo uani Himo: Huku sisi wazima, ingawa mgongo wangu una maoni tofauti. Nawaandikia nikiwa kando ya mto Colorado, karibu na mji wa Glenwood Springs, ndani ya nyumba yenye magurudumu.

Msishtuke, hatujafukuzwa kwenye nyumba. Hapa Marekani watu wenye nyumba nzuri zenye bafu mbili hununua nyumba nyingine ndogo ya bati, wakaifunga nyuma ya gari, wakaivuta hadi milimani ili wakalale kwa shida kidogo. Hiyo ndiyo likizo. Mwenzangu wa kazini ametuazima ya kwake: ina kitanda, jiko la gesi, friji na choo, na uzito wake ni kama tani 2. Nilipouliza leseni ya kuvuta kitu kama hicho, nikaambiwa ni ile ile ninayoendea sokoni. Wewe uliyehangaikia daraja E miaka yote ile, sentensi hiyo iruke.

Shemeji alipoliona tela limesimama mbele ya nyumba yetu, alibadilika sura. Unakumbuka alivyokuwa utingo wako njia ya Tunduma. Hapa anafanya kazi ghalani, anapanga maboksi, analipwa vizuri, ila hakuna anayemwita utingo. Basi alfajiri alikwishavaa kofia yake ya zamani na kupakia kila kitu peke yake. Akaweka mkaa nyuma kabisa, maji nyuma kabisa, kreti za soda, mkungu wa ndizi za mtori na lile sufuria la ukoo, vyote nyuma kabisa, kwa kuwa vizito ndivyo vinavyoshuka kwanza.

Hapo ndipo jirani wa ng'ambo ya barabara alipotoka. Tangu tuhamie mtaa huu, salamu yake ilikuwa kupunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Leo alivuka barabara na ndala zake na kikombe cha kahawa, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba tunakwenda kufa. Tela, alieleza, linataka kama asilimia 60 ya mzigo mbele ya ekseli. Ile shingo inayokalia gari lazima ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa letu, kilo 200 hadi 300. Ukiweka mzigo nyuma, shingo inakuwa nyepesi, mkia unaanza kuyumba, na ukiyumba vya kutosha unaligeuza hata gari linalovuta.

Shemeji alisikiliza mikono kifuani. Kisha jirani akalala chini, kwenye lami, kukagua minyororo. Ipo miwili, na inapita chini ya shingo ikiwa imepishana msalaba, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba barabara. Minyororo ni lugha anayoijua shemeji, naye akalala chini upande wa pili. Wakabaki humo uvunguni wakielekezana kwa vidole. Walipoibuka, jirani alikwishajua kwamba tunatoka chini ya Kilimanjaro, nasi tulijua habari za goti lake, na mkewe alikuwa mlangoni na sahani ya biskuti. Muda wote huo nilifikiri ni watu wagumu. Kumbe kilichokosekana ni tela.

Ndivyo ilivyokuwa kutwa nzima. Mtu mweusi mwenye pikapu tupu kituo cha mafuta ni mteja. Mtu huyo huyo akiwa na tela ni mgonjwa, na kila anayepita ni daktari. Mmoja alituuliza tumepima upepo wa matairi. Mwingine, mwenye pikipiki kubwa na ndevu hadi tumboni, alitukumbusha kwamba matairi mengi ya matela kama haya hayakuundwa kuzidi kilomita 105 kwa saa, hata kibao cha barabarani kiseme nini. Nami nikajifunza kuchagua kituo kwa jinsi utakavyotoka, bei baadaye. Ukishaingia mahali pasipo na mlango wa mbele, umejioza.

Nje ya Denver tulipita kwenye mizani ya malori. Unaingia kwa hiari yako, unalipa, unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli, unakwenda zako. Shemeji alikataa kuamini. Kwa utingo, mizani ni mahali pa kunyoosha kola na kunyamaza. Aliizunguka akitafuta mtu wa kumwonyesha nyaraka. "Yaani mtu anajileta mwenyewe?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Aliibeba ile karatasi mfukoni mwa shati siku nzima.

Sasa mlima. Denver yenyewe iko mita 1,609 juu ya bahari. Barabara kuu ya I-70 inaelekea magharibi na kupanda, inapanda tena, na baada ya kama kilomita 95 inaingia kwenye handaki la Eisenhower, mita kama 3,400 juu. Fikirini: kibanda cha Mandara pale mlimani kwetu kiko mita 2,700. Wazungu hufika Mandara wakihema, wamefunga vitambaa kichwani, na wanapiga picha. Hapa tulipita juu zaidi ya Mandara kwa lami, tukila karanga, malori ya magurudumu 18 yakituzunguka.

Ila karanga ndizo pekee zilizokuwa na nguvu. Pikapu yetu haina tabochaja, na injini ya namna hiyo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kila unapopanda mita 300, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Baada ya Georgetown tulikuwa njia ya kulia kabisa pamoja na malori, taa za tahadhari zikiwaka, mwendo wa baiskeli ya muuza maziwa anayejisikia. Mama Watoto aliona kondoo wa porini wenye pembe za kujikunja wakisimama kwenye mwamba, na alikuwa na muda wa kuwahesabu.

Handaki lina urefu wa kilomita 2.7. Tundu la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, la pili 1979, na juu yake ndipo maji ya nchi yanapogawanyika: upande mmoja yanaelekea Atlantiki, upande wa pili Pasifiki. Lakini wewe, Baba Mdogo, usingepita humo na lori lako la petroli. Mizigo ya hatari hairuhusiwi ndani. Ungepelekwa juu, kwenye kona za Loveland Pass, mita 3,655, karibu sana na kimo cha kibanda cha Horombo. Nimekuwaza sana hapo, na Mama Mdogo akikusubiri na chakula kinapoa.

Upande wa pili barabara inaanguka. Mteremko ni asilimia 7, kama kilomita 13 mfululizo hadi Silverthorne. Kando kuna njia za kokoto zinazopanda mlimani, kwa ajili ya lori lililokosa breki: dereva analielekeza humo, kokoto zinalimeza. Mimi niliziangalia zile kokoto zaidi ya nilivyoangalia mandhari. Hapo shemeji akavua kofia, akaiweka juu ya dashibodi, akasema kwa sauti yako wewe kabisa, "Shuka kwa gia uliyopandia." Akaongeza kwamba nisikalie breki, nibane, niachie, nibane, niachie. Tukateremka namba mbili, injini ikinguruma, tukanusa breki za mtu mwingine zikiungua, na zetu hazikuungua. Akasimulia mteremko wa Kitonga wote, kona kwa kona, na lori lile lililobeba bia. Watoto hawajawahi kumheshimu namna ile.

Barabara hii, mtapenda kujua, inazungumza. Sisi kwetu maneno yako nyuma ya malori. Huku yako kandokando ya njia. Upande wa kurudi Denver kuna vibao vinavyomwambia dereva wa lori asidanganyike, kwamba miteremko na kona bado hazijaisha. Shemeji anataka kununua kimoja.

Vail Pass nairuka, ilikuwa kupanda kulekule na mvua. Korongo la Glenwood sitaliruka. Barabara humo, iliyokamilika mwaka 1992, imeinuliwa kwenye nguzo juu ya mto, upande mmoja ukuta wa mwamba, ng'ambo ya maji reli. Ni pazuri mno, na ni pembamba kiasi kwamba nilipaona kwa jicho moja, lingine likiwa kwenye kioo cha pembeni.

Tukafika kambini jioni, na nafasi yetu ilikuwa ya kuingilia kinyumenyume, kati ya mti na meza ya zege. Shemeji alishuka kabla gari halijasimama. "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Nyoosha! Njoo!" Akapiga kofi bati la tela, kama ilivyo desturi. Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao vya turubai wakasikia, wakaja na viti vyao. Ukikata kulia, tela linakwenda kushoto, ukisahihisha, linajikunja. Punde nilikuwa na waelekezaji sita, kila mmoja na kulia yake, na shemeji, aliyesimama nyuma kabisa ambako kioo hakimwoni.

Akaja bibi mmoja mwenye mbwa mdogo kwapani. Aliwanyamazisha wote. Akamsogeza shemeji upande wa dereva, akamweleza kwamba ikiwa yeye havioni vioo vyangu, basi nami simwoni. Kisha akaniambia nishike usukani chini kabisa, na mkono wangu uende upande ule ninaotaka mkia uende. Tela likaingia. Watu wakapiga makofi.

Nilidhani shemeji atasusa. Badala yake bibi alimwomba amfundishe yale maneno. Familia iliyofuata ilipoingia na tela lake, kambi nzima, wazee kwa watoto, ilikuwa inapaza sauti: "Njoo! Njoo! Nyoosha!" Dereva yule maskini alitoka Nebraska.

Tumekula mtori na watu wa matela manne. Limebaki jambo moja tu. Asubuhi kuna tangi la choo la kumwagwa. Bomba linafungwa chini ya tela, unaanza na maji ya choo, kisha unafungulia maji ya kuoshea vyombo ili yasafishe bomba. Nimemwambia shemeji kwamba mambo yote ya chini ya gari ni ya utingo. Yeye anadai kazi ya utingo inaishia kwenye minyororo, mzigo na jiwe la tairi, na kwamba kwenye lori lako hapakuwa na choo, hivyo hakuna sheria. Wewe ndiye mzee wa barabara. Tafadhali jibu kwa simu, usingoje barua, maana tangi limefika robo tatu na mwenzako amejifunika blanketi anakoroma kwa makusudi.