Shangazi Mboni Anajibu

Shangazi, mtihani wetu wa vitendo wa upimaji macho ni nusu saa. Kwenye mazoezi nilianza na dawa ya kutanua mboni ili muda wa kuisubiri usinipotee. Mgonjwa, mvuvi wa dagaa, nilipompa maandishi ya karibu hakuona kitu. Msimamizi akaguna.
Mtahiniwa, Nyegezi

Mwanangu, umeokoa dakika ishirini ukaunguza nusu saa. Dawa ile hulegeza pia misuli ya kuonea karibu, na mboni iliyotanuliwa huwezi kuipima tena kama inaitikia mwanga. Pale Mwaloni Kirumba nani hufunga dagaa guniani kabla hajawaanika?

Anza na maelezo ya mgonjwa. Fuatisha uoni wa mbali, mita 6, jicho moja moja, kabla hujammulika. Akikwama, mpe kibao chenye kitundu: akiona vizuri zaidi, huenda miwani itamsaidia. Kama unapima macho mawili yanavyoshirikiana kuona kina, pima kabla ya kufunikafunika jicho. Yakishatenganishwa, huchelewa kupatana. Kisha mboni, kisha kipimo cha miwani. Presha ya macho ingoje hapo, maana matone yake ya ganzi na rangi hutia ukungu. Kutanua ni mwisho kabisa, nako uchungulie kwanza kama nafasi ya mbele ya jicho si finyu, la sivyo presha inaweza kupanda ghafla. Dakika za kusubiri? Andika majibu yako, tena kwa mwandiko unaosomeka.

Shangazi, mzee wa Ukerewe alinisimulia safari zake za Bukoba kwa MV Victoria hadi dakika kumi na moja zikaisha. Kumkatiza mzee si adabu.
Mjukuu Mwema, Pasiansi

Mzee hakatizwi, anaongozwa. “Babu, tiketi ya meli uliisoma mwenyewe? Uliishika karibu au mbali? Kwenu kuna aliyepofuka kwa presha ya macho?” Ataendelea na safari yake, nawe unajaza fomu.

Shangazi, mgonjwa wangu, kondakta, alisoma ubao kwa jicho zima, akaukariri, la pili “likaona” vilevile.
Nimechezewa, Igoma

Snellen wa Utrecht alipotoa ubao wake mwaka 1862 hakuwa amekutana na kondakta wa Igoma, anayejua nani hajalipa kati ya vichwa arobaini. Anza na jicho bovu, au msomeshe mstari kinyumenyume.

Shangazi, mimi ndiye yule mvuvi. Nilitoka pale saa saba mchana, jua linanichoma, kibao cha daladala sikioni. Nilikuwa naenda Kirumba, nikashushwa Buhongwa. Nauli yangu nimdai nani?
Baba wa Karabai

Mboni zitarudi zenyewe baada ya saa chache. Nauli mdai Mtahiniwa wa Nyegezi, na umdai mapema, kabla hajafaulu akahamia Dar.