Amelemewa

Neno kulemewa, lililowafaa mabaharia wetu kulisemea jahazi lililoinama upande kwa uzito wa shehena hata nahodha akaamuru magunia yatoswe baharini, siku hizi limehamia maofisini, na huko, alhamdulillahi, limenawiri. Bwana mkubwa, ambaye juu ya meza yake hamna ila kikombe cha chai na faili moja lililofungwa utepe, akiulizwa habari ya barua ya mjane, hushusha pumzi, akapangusa miwani, akajibu kwa huzuni kwamba amelemewa mno. Wala hapana budi kumsadiki, maana kiti nacho kinalia. Hamali wa bandarini, ambaye shingo yake imezama chini ya gunia la karafuu, hana wasaa wa istilahi hiyo: husema “Simile!” tu, watu wakapisha. Ni kweli kwamba mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kudai ujira bora, na mji mzima ukatambua. Bwana wetu hajapata kugoma, na kwa insafu, hata angaligoma, sijui nani angalitanabahi.