Jina la Kampuni ya Mjomba

Mjomba wangu anaagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na mwaka huu aliamua kuachana na udalali wa mdomo afungue kampuni yenye kibao na mhuri. Ofisi ya usajili huangalia kama jina limeshachukuliwa na mtu mwingine; Kijapani si kazi yao. Kwa kuwa niliwahi kusoma Nagoya, kazi hiyo nikapewa mimi, bila posho. "Wewe ndiye Mjapani wetu," Mjomba alisema. "Hakikisha hatutukani watu."

Jina alikuwa nalo tayari, limechapwa hadi kwenye fulana: Shinda Motors. Kwetu ni jina la heri. Kwa Kijapani, "shinda" ni "amekufa". Wala si la kuvutavuta. Ndilo neno lenyewe, wanalolitumia kwa paka, kwa babu na kwa betri. Tena ukiliweka mbele ya "mota", sarufi yao inakubali bila kinyongo: mota iliyokufa. Hebu fikiria muuzaji wa Yokohama anapokea oda ya injini kutoka Mota Iliyokufa, Dar es Salaam.

Mjomba akauliza kama hawawezi kuzoea tu. Nikamweleza kwamba kwao hata namba za gari zinazoishia na 42 hazitolewi hivi hivi, kwa sababu "shi-ni" inanukia kifo. Fulana zikapelekwa gereji. Sasa hivi zinafutia oili.

Mkaza mjomba, ambaye mtaji wa kwanza ulitoka kwenye mgahawa wake, akataka jina lianze na Jiko. Hapo nilikunywa maji kwanza. "Jiko" kwao ni ajali. Gari lililogongwa linaitwa "jikosha", na kwenye karatasi za mnada hupewa alama ya R ili mnunuzi ajue anachokinunua. Yaani tungeuza magari mazima chini ya kibao kinachosema Ajali. Kazi je? Wajapani hawana sauti ya "zi", wataitamka "kaji", na "kaji" ni moto unaounguza nyumba. Lugha hizi mbili zinapenda silabi za kuishia na irabu, ndiyo maana zinagongana kila kona kama bajaji za Kariakoo.

Balaa lenyewe lilikuja siku tulipompigia kwa video mzee wa Yokohama anayetuuzia magari. Muungwana, suti na tai, anainamisha kichwa kila sentensi. Upande wetu sebule ilikuwa imejaa: Mjomba, mkewe, watoto, na mama mkwe wa Mjomba aliyekuja kutibiwa macho. Mzee aliposikia shida yetu akafurahi kusaidia. Alipendekeza dubu: mnyama mwenye nguvu, hachoki, watoto wanampenda. Kumbe keshachora hadi nembo, dubu mweusi mwenye mashavu mekundu.

Dubu kwa Kijapani ana jina ambalo siliandiki hapa. Anayelitaka afungue ramani ya kisiwa cha Kyushu, atafute jiji la Kumamoto, alikate katikati, na akae mbali na wakubwa zake. Mzee akawa analirudia, tena kwa heshima zote, huku amenyanyua mchoro. Mama mkwe akauliza, "Huyo mgeni anasemaje, baba?" Nikajibu kwamba mtandao unasumbua. Mjomba, aliyewahi kuwa dereva wa masafa marefu na hana aibu ya kitu chochote, alikuwa ameshatoka nje kucheka.

Tusiwacheke sana Wajapani. Hata Mitsubishi yameikuta: Pajero hili hili letu, Hispania linaitwa Montero, maana kwa Kihispania jina la kwanza ni tusi la kumfungia mtu duka.

Mwisho Mjomba akakata shauri: herufi mbili tu, za mwanzo wa majina ya watoto wake. Herufi zina ubaya gani? Binti mkubwa anaanza na N, mdogo wake na G. NG. Nikashika kichwa. Japani nzima, kuanzia wapiga picha za filamu hadi makarani, "enu-jii" maana yake ni "haifai, rudia".

Tumesajili kwa kutanguliza G. Binti mkubwa amenuna, anasema nimempora uzaliwa wa kwanza. Mashtaka ayapeleke Yokohama. Mimi bado naidai posho yangu.