Mheshimiwa PIN

Kila msimu wa kampeni tunasikia wagombea wakisifiwa mpaka spika zinakwaruza, na hata muguka umepata watetezi wake bungeni. Lakini sijamsikia mtu akisimama Gakoromone siku ya soko kuisifu namba ya siri. Hiyo ni dhuluma. Kitu hiki cha tarakimu nne kimebadilisha maisha ya Meru na Embu kuliko wabunge wengi niliowapigia kura, na hakijawahi kudai marupurupu. Leo nakivalisha joho.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo. Mheshimiwa PIN ni mzaliwa wa Uingereza. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutoa pesa huko Enfield, kaskazini mwa London, kazi ya John Shepherd-Barron. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alikusudia namba ya tarakimu sita, kama ile yake ya jeshini, lakini mkewe Caroline akamwambia wakiwa mezani jikoni kuwa yeye huweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. (James Goodfellow wa Scotland naye alikuwa na hataza yake tangu 1966, kwa hiyo mtoto ana baba wawili, hilo tuwaachie wazee wa ukoo.) Basi kipimo cha kumbukumbu ya dunia kilipatikana jikoni kwa Caroline, na shosho wa Kiritiri aliyevuka miaka themanini, ambaye hajawahi kuulizwa lolote kuhusu jambo hilo, anatakiwa akumbuke sawasawa na Caroline. Akikosea mara tatu, anafungiwa nje ya pesa zake mwenyewe.

Kabla Mheshimiwa hajafika tuliishi gizani. Asiyejua kuandika alikwenda benki mjini Embu, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye fomu, karani akashuhudia. Karani huyo alikuwa na tabia mbaya ya kumtazama mtu usoni. Alimuuliza habari za nyumbani, na akimwona kijana asiyemfahamu amesimama nyuma ya mzee akimnong'oneza kiasi cha kutoa, alitia shaka. Ucheleweshaji mtupu! PIN haitazami mtu usoni. Anayeijua ndiye mwenye mali, awe mzee mwenyewe, mjukuu wake, au mwizi wa mjukuu wake.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tarakimu nne ziliingia kwenye simu ndogo za kabambe na kupanda milima yote, kuanzia Runyenjes hadi Maua. Kadi zenye chipu zikafuata. Kule Embu na Tharaka Nithi, mpango wa nafaka wa KCEP-CRAL, ulioungwa mkono na IFAD na Umoja wa Ulaya, ulimpa mkulima mdogo kadi ya Benki ya Equity ili akachukue mbegu na mbolea dukani kwa kubonyeza namba yake. Mtu aliyezoea kupimiwa ndengu kwa gorogoro akajikuta mbele ya kijimashine kinachodai siri. Tazama maendeleo hayo: mkulima haaminiwi kwa jina, wala kwa sura, wala kwa shamba ambalo afisa wa kilimo amelikanyaga kwa viatu vyake, lakini anaaminiwa papo hapo kwa tarakimu nne alizosomewa na mwenye duka.

Sifa kubwa ya Mheshimiwa ni kuunganisha familia. Mzee wa miaka sabini na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zamani mjukuu alimtembelea shosho Krismasi, tena kwa kuburutwa. Siku hizi fununu ikienea kwamba pesa za wazee zimeingia, vijana wanafika kabla ya jogoo. Kila mmoja anataka kumsaidia shosho kushika simu. Upendo wa namna hii hauna hata nyaraka: akibonyeza mjukuu, shosho haoni lolote ila vinyota vinne kwenye kioo, kisha anaambiwa, "Shosho, wametuma elfu moja na mia tano mwezi huu. Serikali imebana." Shosho anailaani serikali, ambayo safari hii haina kosa.

Vilevile Mheshimiwa ametupa mafunzo ya historia. Wazee wetu wengi huhesabu umri kwa rika na tohara, na kwenye vitambulisho vya zamani wapo ambao siku na mwezi wa kuzaliwa vimeandikwa sifuri tupu, mwaka ukiwa makisio ya karani. Mwaka huo wa kukisia ndio uliogeuka kuwa PIN, maana ulikuwa tayari umechapishwa na mjukuu aliweza kuusoma. Kwa hiyo kufuli na ufunguo hukaa pamoja katika kitambaa kimoja, kimefungwa fundo pembeni ya leso. Huwezi kusema mpango huo hauna nidhamu.

Meru ni nchi inayojua siri. Wazee wa Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, wamekula viapo na kuvilinda tangu kabla Mwingereza hajaja na karani wake, na hadi leo mtu wa nje hajui kinachosemwa ndani. Siri yao ilidumu kwa sababu mwenye kuitunza aliteuliwa, akaandaliwa na kuzungukwa na wenzake. Mheshimiwa PIN amevunja ubaguzi huo. Siri sasa anapewa kila mtu, peke yake, bila maandalizi, kwenye foleni ya duka la wakala huku watu sita wakisukumana nyuma yake. Shosho mwenye usikivu hafifu huulizwa namba yake kwa sauti, naye hujibu kwa sauti. Stendi nzima inaijua. Hata hivyo inaitwa siri, na kwenye masharti, yale maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma, imeandikwa kwamba ukimpa mtu mwingine, hasara ni yako.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia kabisa. Sahihi ikighushiwa, benki ndiyo hubanwa: mliipokeaje? PIN ikitumika, anayebanwa ni mteja: ulimwambia nani? Kwa tarakimu nne mzigo mzima wa lawama umehama kutoka kwenye jengo lenye walinzi hadi kwenye begi la mwanamke anayeuza ndizi Makutano. Sijui wakili wa benki aliyewahi kufanya kazi nzuri kiasi hicho kwa bei rahisi kiasi hicho.

Wasioona nao wametendewa wema wao. Kabambe ilikuwa na kinundu kidogo juu ya namba 5, na mtu aliyesoma Shule ya wasioona ya Mtakatifu Lucy kule Igoji aliweza kukipapasa, akahesabu kushoto na kulia, akamaliza shughuli zake bila kumwita mtu. Ulikuwa uhuru wa kupita kiasi. Sasa simu na mashine nyingi za malipo zimekuwa kioo kitupu, laini mwanzo hadi mwisho, na muda ukipita kidogo huduma inakatika uanze upya. Huko Australia kiongozi mmoja asiyeona, Graeme Innes, aliyekuwa kamishna wa kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, alikosa shukrani kiasi cha kuishtaki Benki ya Commonwealth kwa mashine yake ya kioo iliyoitwa Albert. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2019. Sisi ni watu wa adabu. Tunampa mwenye duka namba yetu na kumshukuru.

Kuna watakaosema tumwachishe kazi Mheshimiwa, tutumie alama za vidole. Wamewahi kuona kidole cha mwanamke aliyechuma majani chai ya Mungania au Githongo miaka arobaini? Mistari imekwisha. Mashine inamwambia aweke tena, afute mkono, aweke tena, mpaka yeye mwenyewe anaanza kutilia shaka kama yupo. Basi heri namba, ambayo angalau mjukuu anaikumbuka.

Nitoke kwenye mzaha kidogo, kwa sababu mpambe asiye na ukweli hata mmoja haaminiwi. Yuko mwanamke wa Maua anayefunga vibunda vya miraa kwa kibarua, na zamani malipo yake yalifika nyumbani yakiwa noti mkononi, yakahesabiwa na mume. Pesa zikiingia kwenye simu yenye namba anayoijua yeye tu, mume huona simu, haoni pesa. Hapo PIN ni mlango wa kwanza ambao mwanamke huyo amewahi kuufunga kwa ndani. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Sifa hii naitoa bila kejeli. Lakini angalia ni nani anayeipata: mwenye macho, mwenye kusoma, mwenye vidole vyepesi, mwenye kumbukumbu. Mama huyohuyo wa miraa akifikisha miaka themanini, mlango ule utakuwa umefungwa na yeye yuko nje.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee anastahili kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Mheshimiwa PIN amegawa kazi hiyo vizuri: Serikali inatuma pesa, na matunzo mengine yote, pamoja na uaminifu, ni ya mjukuu wa gredi ya saba.

Waingereza waliomkabidhi Mheshimiwa madaraka kamili badala ya sahihi tarehe 14 Februari 2006, siku ya wapendanao, waliacha mlango wa uani wazi: asiyeweza kutumia namba anaweza kuiomba benki yake kadi ya chipu na sahihi. Naiomba Benki Kuu ya Kenya itufungulie mlango kama huo, na ilazimishe kila mashine ya malipo iwe na vitufe vinavyopapasika na sauti inayotaja kiasi kwa lugha ambayo mtu wa Igembe au Mbeere anaielewa. Mpaka hapo, wewe mjukuu unayesoma haya, ukishambonyezea shosho PIN yake, msomee ujumbe wote kwa sauti, mwekee pesa zote mkononi, na ule ujumbe usiufute.